Je, kukata majani ya mgomba kunapunguza ukubwa wa mkungu?

Mkulima wa Isingiro – swali

Ndugu zangu, naomba msaada wenu katika jambo ambalo limezua ubishi nyumbani kwetu. Tunalima matoke, yaani ndizi za kupika, katika vilima vya Isingiro hapa Uganda, na siku hizi wachuuzi kutoka Mbarara wanakuja kununua majani mabichi ya mgomba, ambayo wenye hoteli huyatumia kufungia na kufunikia matoke yanapopikwa kwa mvuke. Bei yao si mbaya, na fedha zake hupatikana kila wiki, tofauti na mkungu ambao husubiriwa kwa miezi mingi. Kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenye kauli ya mwisho shambani, anasema tuwauzie kadiri wanavyotaka, kwa kuwa chakula cha mgomba hutoka ardhini kupitia mizizi, na majani hayana kazi kubwa zaidi ya kuweka kivuli. Ushahidi wake ni samadi: shina lililopata samadi hutoa mkungu mnene, na lisilopata hutoa mkungu mwembamba, ilhali majani yapo kwa yote mawili.

Binti yangu aliye sekondari amemwonyesha daftari lake la baiolojia, ambamo imeandikwa kwamba jani ndilo linalotengeneza chakula cha mmea kwa kutumia maji, hewa na mwanga wa jua. Kaka alicheka, akamuuliza: ikiwa chakula kinatoka hewani, mbona tunahangaika kubeba samadi mgongoni? Mtoto alinyamaza, nami pia sikuwa na la kusema.

Ninachoomba ni maelezo ambayo mtu mzima asiyeamini anaweza kuyafuata, maana kumwambia kwamba daftari limesema hakutoshi. Jani linatengenezaje chakula kutokana na kitu kisichoonekana? Samadi basi inafanya kazi gani? Tunaweza kukata majani mangapi bila kuudhuru mkungu? Na ikiwa mwanga ndio chanzo cha chakula, kwa nini kahawa yetu iliyo chini ya miti ya kivuli inaonekana kuwa na afya kuliko ile iliyo juani?

Mwalimu wa baiolojia, Jinja

Ndugu mkulima, mpe kaka yako heshima yake, kwa sababu swali alilouliza liliwashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Jibu la kwanza lililotokana na kipimo lilikuja kwa njia ya mizani. Jan Baptist van Helmont, tabibu wa eneo ambalo leo ni Ubelgiji, alipanda mche katika chombo chenye ratili 200 za udongo mkavu, yaani takribani kilo 90, akaumwagilia maji tu kwa miaka 5. Matokeo yalichapishwa mwaka 1648, yeye akiwa ameshafariki. Mti ulikuwa umeongezeka uzito kwa zaidi ya ratili 160, lakini udongo, ulipokaushwa na kupimwa tena, ulikuwa umepungua kwa wakia 2 hivi, kiasi kisichofika gramu 60. Kaka yako anaweza kulifikiria jambo hilo katika shamba lake mwenyewe: mikungu imepakiwa kwenye malori kwenda Kampala tangu enzi za baba zenu, na lau ingekuwa imetengenezwa kwa udongo, kilima chenu leo kingekuwa shimo.

Van Helmont alihitimisha kwamba mti wote ulitokana na maji, jambo ambalo ni nusu tu ya ukweli. La ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuieleza hewa inayotoka makaa yanapoungua, ambayo sasa tunaiita kabonidioksidi, ila hakuihusisha na mti wake. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz, daktari Mholanzi, alionyesha kwamba jani lililozamishwa majini hutoa viputo vya hewa safi likiwa kwenye mwanga tu, na kwamba ni sehemu za kijani za mmea zinazofanya hivyo. Mwaka 1804 Nicolas-Théodore de Saussure wa Geneva alithibitisha kwa vipimo kwamba uzito wa mmea huongezeka kutokana na kabonidioksidi na maji kwa pamoja.

Sasa tuingie ndani ya jani. Ngozi yake, hasa upande wa chini, ina vitundu vidogo mno viitwavyo stomata, na kupitia hivyo hewa huingia. Hewa hiyo ina kabonidioksidi kidogo sana, kama sehemu 4 katika kila sehemu 10,000, na ndiyo sababu jani huwa pana na jembamba: linahitaji eneo kubwa la kukusanyia kitu kilicho haba. Maji hupanda kutoka mizizini kwa mirija inayoonekana kama mishipa ya jani. Mwanga hunaswa na klorofili, rangi iliyo ndani ya viungo vidogo vya seli viitwavyo kloroplasti. Klorofili hunasa zaidi mwanga mwekundu na wa buluu, huku ule wa kijani ukirudi nje au kupenya kwa wingi kuliko huo, na kwa hiyo macho yetu huliona jani kuwa la kijani.

Kazi yenyewe, ambayo vitabu vya Kiswahili huiita usanisinuru, hufanyika kwa hatua mbili. Katika hatua ya kwanza nishati ya mwanga huzipasua molekuli za maji. Haidrojeni na elektroni zake hubaki ndani ili zitumike, na oksijeni hutoka nje kupitia stomata. Kwa muda mrefu wengi walidhani kwamba oksijeni hiyo inatoka katika kabonidioksidi, mpaka mwaka 1941 Samuel Ruben, Martin Kamen na wenzao huko California walipotumia maji yenye oksijeni nzito, wakaonyesha kwamba inatoka katika maji. Kufikia hapo hakuna sukari bado. Kilichopatikana ni nishati iliyowekwa katika molekuli za muda, ATP na NADPH, ambazo hazikai muda mrefu, na lazima zitumike papo hapo.

Hatua ya pili haihitaji mwanga moja kwa moja, lakini kwa kuwa hutegemea ATP na NADPH, nayo husimama muda mfupi baada ya giza kuingia. Kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemia) kiitwacho rubisko huishika kabonidioksidi na kuiunganisha na molekuli yenye kaboni 5, ambayo mara hiyo hiyo hugawanyika kuwa vipande viwili vyenye kaboni 3 kila kimoja. Vipande hivyo hugeuzwa kuwa sukari sahili, huku sehemu yake kubwa ikirudishwa katika mzunguko ili kuitengeneza upya ile molekuli ya kaboni 5. Mzunguko huo ulifuatiliwa na Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham, ambao waliupa mwani kabonidioksidi yenye kaboni-14 inayoweza kutambulika kila inapokwenda. Calvin alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1961, peke yake, na wengi wetu tunaofundisha somo hili tunaona kwamba Benson alistahili kuwa naye jukwaani. Kwa hesabu ya jumla, molekuli 6 za kabonidioksidi na 6 za maji hutoa molekuli 1 ya glukosi na 6 za oksijeni.

Sukari hiyo husafirishwa ikiwa sukrosi kupitia mirija mingine kutoka majani hadi mizizi, machipukizi na mkungu. Ikifika katika ndizi hugeuzwa kuwa wanga, na huo ndio unaofanya matoke mabichi yawe na unga yanapopikwa. Ndizi inapoiva, wanga hurudi kuwa sukari, nasi tunausikia utamu ambao jani lilikwisha kuutengeneza wiki nyingi nyuma.

Sasa samadi. Ukiukausha mmea mpaka maji yote yaishe, takribani asilimia 95 ya uzito unaobaki ni kaboni, oksijeni na haidrojeni, vitu vilivyotoka katika hewa na maji. Sehemu ndogo iliyobaki ndiyo madini yaliyovutwa na mizizi, lakini udogo wake usimdanganye mtu. Kila molekuli ya klorofili ina magnesi katikati yake. Nitrojeni imo katika klorofili na katika vimeng'enya vyote, pamoja na rubisko, ambayo jani huihitaji kwa wingi kwa sababu hufanya kazi polepole mno, ikishika molekuli chache tu kwa sekunde. Potasiamu, ambayo mgomba huitumia kupita mazao mengi, ndiyo inayoziwezesha seli za pembeni mwa stomata kujaa maji na kufungua vitundu, na pia husaidia sukari isafiri. Hakuna anayekula sufuria, lakini bila sufuria hakuna posho. Kaka yako ameona sawasawa kwamba shina lenye samadi hutoa mkungu mkubwa. Aliangalie tena shina hilo kabla halijazaa, ahesabu majani yake na kuyapima upana, kisha alilinganishe na lile lililokosa samadi. Samadi ilianza kwa kujenga majani.

Afisa ugani mstaafu, Bushenyi

Mwalimu ameeleza vizuri jinsi jani linavyofanya kazi. Mimi nitajibu la kukata, kwa sababu mgomba una tabia moja ambayo wakulima wengi wanaiona kila siku bila kuitilia maanani. Jani jipya la mgomba huzaliwa chini kabisa, katika tunguu lililo ardhini, na hupanda ndani ya shina likiwa limejikunja mpaka lichomoze juu. Mche hutoa majani hivyo, moja baada ya jingine, kwa miezi mingi. Kisha kile kichomozi kilicho katika tunguu hubadilika kuwa ua, na kuanzia hapo hakiwezi tena kutoa jani. Mkungu unapochomoza juu, majani mliyo nayo ndiyo ya mwisho. Yatalazimika kuulisha mkungu huo kwa miezi mitatu hadi minne, na katika miinuko ya baridi hata zaidi, bila jani jingine la kuziba pengo.

Kutokana na hali hiyo, ushauri wetu wa kawaida ni kwamba mgomba unaotoa mkungu uwe na majani mazima yasiyopungua 8. Mgomba wenye afya huweza kuwa na 10 au 12 wakati huo, kwa hiyo nafasi ya kukata ipo, lakini ni ndogo. Wala hasara haiendi kwa hesabu nyepesi ya kwamba ukikata theluthi ya majani utapoteza theluthi ya mkungu. Majani ya juu huyawekea kivuli yale ya chini, na ukiondoa moja, yaliyobaki hupata mwanga zaidi na kufidia sehemu ya upungufu. Ukishuka chini ya idadi niliyoitaja, ndizi za mwisho wa mkungu ndizo huanza kubaki nyembamba, kisha chane nzima za chini hukosa kujaa.

Tatizo ni kwamba mchuuzi hataki jani lolote tu. Analotaka ni jani pana, laini, lisilochanika, ambalo limefunguka si zamani, na majani ya umri huo, yaani yale machache ya juu yaliyokwisha kukunjuka kabisa, ndiyo yanayofanya usanisinuru kwa nguvu zaidi. Jani kuukuu la chini, ambalo limeanza kugeuka manjano au limeliwa na madoa ya ugonjwa wa sigatoka, halitengenezi kitu cha maana, na mnaweza kuliondoa bila wasiwasi na kulitandaza shambani. Hilo hakuna atakayewapa hata shilingi kwa ajili yake.

Njia ninayoipendekeza ni kuuza majani ya mgomba siku ile ile mnapokata mkungu wake. Wakati huo majani hayana mkungu wa kulisha, nanyi mngeuangusha mgomba hata hivyo. Vilevile machipukizi ya ziada, ambayo yanapaswa kupunguzwa ili shina libaki na mama, mtoto na mjukuu, yanaweza kutoa majani kabla hayajang'olewa. Shamba linalovunwa mwaka mzima litawapa majani ya kutosha kila wiki, ingawa huenda yasifikie idadi anayoitamani mchuuzi, na hapo kaka mkubwa atalazimika kuamua kwa kulinganisha bei ya jani na bei ya mkungu.

Nina onyo moja, nanyi mlichukue kwa uzito. Mnyauko wa bakteria wa migomba, ambao ulitambuliwa nchini Uganda mwaka 2001 katika eneo la Mukono, huenezwa sana na visu na mapanga. Mchuuzi anayepita mashamba kumi kwa siku na kisu kimoja anaweza kuwaachia ugonjwa utakaomaliza shamba zima, na hapo mjadala wa majani mangapi hautakuwa na maana. Kateni wenyewe, kwa kisu chenu, na kisu hicho kipitishwe motoni au katika maji ya klorini kabla ya kuhamia shina jingine.

Mkulima wa Luweero

Nawaheshimu waliotangulia, lakini kuna jambo halijanikaa vizuri. Mimi pia huuza majani, na mikungu yangu haijawahi kukataliwa sokoni. Zaidi ya hayo, kando ya migomba nina mahindi. Jani la hindi ni jembamba, ukilinganisha na la mgomba ni kama halipo, lakini mahindi hupanda juu kwa kasi inayoshangaza na katika miezi minne chakula kiko ghalani. Ikiwa upana wa jani ndio unaoleta chakula, mgomba ungepaswa kuyashinda mahindi kwa mbali. Nieleweshwe.

Mwanafunzi wa kilimo, Makerere

Mzee wangu wa Luweero, kuhusu mikungu kutokataliwa sokoni, naomba nikubaliane na Afisa kwamba mgomba wenye majani 11 unaweza kupoteza mawili au matatu bila mnunuzi kuona tofauti. Huenda ndivyo unavyokata. Lakini hoja yako ya mahindi ndiyo iliyonivuta kuandika, kwa sababu inagusa tofauti ya kweli iliyo ndani ya majani.

Rubisko, kile kimeng'enya alichokitaja Mwalimu, kina udhaifu mkubwa: hakiwezi kutofautisha kikamilifu kabonidioksidi na oksijeni. Mara kwa mara hushika oksijeni badala yake, na mmea hulazimika kutumia nishati na kupoteza kaboni ili kurekebisha hali hiyo. Joto likipanda, au maji yakipungua na stomata zikafungwa, upotevu huongezeka, na katika nchi za joto unaweza kufikia robo ya kaboni iliyokwisha kunaswa. Mgomba, kahawa, maharagwe, mihogo, viazi vitamu na mpunga vyote hubeba mzigo huu.

Mahindi yameukwepa. Katika seli za nje za jani lake kuna kimeng'enya kingine, ambacho hakidanganywi na oksijeni. Hicho huishika kabonidioksidi kwanza na kuiweka katika molekuli yenye kaboni 4, ambayo hupelekwa katika seli nene zinazozunguka mishipa ya jani. Humo kabonidioksidi huachiliwa tena, ikiwa imejaa kiasi kwamba rubisko haipati nafasi ya kushika oksijeni. Njia hiyo ilielezwa mwaka 1966 na Hal Hatch na Roger Slack nchini Australia, waliokuwa wakichunguza miwa. Mtama, ulezi unaolimwa Teso na Lango, miwa ya Kakira na Lugazi, mafunjo ya kwenye vinamasi vya Ziwa Victoria, na hata dodo, yaani mchicha, tunayochuma nyuma ya nyumba, yote hufuata njia hiyo. Jani la mimea hiyo huendelea kuongeza kazi kadiri jua linavyozidi kuwaka, ilhali jani la mgomba hufika mahali ambapo mwanga wa ziada hauliongezei kitu. Kwa hiyo upana peke yake hautoshi kulinganisha mazao mawili tofauti. Unatosha kulinganisha mgomba na mgomba, na hilo ndilo swali la ndugu yetu wa Isingiro. Ukumbuke pia kwamba mahindi hufa baada ya mavuno, nayo migomba huendelea kufanya kazi mwaka mzima bila kupandwa upya.

Iko pia njia ya tatu, ambayo majirani wetu wa Kayunga wanaoishi kwa mananasi huitegemea bila kuiona. Nanasi hufungua stomata zake usiku, wakati hewa ni ya baridi na maji hayapotei sana, hunasa kabonidioksidi na kuihifadhi ikiwa asidi ndani ya seli. Kukipambazuka hufunga vitundu, kisha hutumia mwanga wa jua kukamilisha kazi ndani kwa ndani. Asidi huwa nyingi zaidi katika majani alfajiri kuliko jioni. Vanila nayo hufanya hivyo. Mimea hii hukua polepole, lakini huvumilia ukame ambao ungeuangusha mgomba.

Kuhusu kahawa, asili ya robusta ni chini ya miti mirefu ya msituni, na hata leo bado inaota yenyewe katika msitu wa Kibale. Jani lake limezoea mwanga uliochujwa, na hufikia kikomo cha kazi yake likiwa na takribani theluthi ya jua kali la saa sita mchana. Mwanga unaozidi hapo haugeuki kuwa sukari. Hubaki kuwa nishati isiyo na pa kwenda, na mmea usipoweza kuitoa kama joto, huharibu mitambo ya klorofili, na jani huanza kupauka. Miti ya kivuli pia hupunguza joto na kuhifadhi unyevu, kwa hiyo stomata hubaki wazi kwa saa nyingi zaidi. Tahadhari ni kwamba kivuli kikizidi, kahawa huwa na majani mapana ya kupendeza na matunda machache, hivyo matawi ya juu hayana budi kupunguzwa.

Mkulima wa Isingiro

Nawashukuru sana. Niliwasomea nyumbani jana jioni, na hoja ya kilima kugeuka shimo ilimfanya kaka anyamaze kwa muda, jambo ambalo si la kawaida. Hata hivyo ana maswali mawili. La kwanza ni kwamba upepo wa hapa kwetu huyachanachana majani mpaka yanakuwa nyuzi, na mchana yanajikunja pande zote mbili za uti wake, lakini mkungu unakuja tu. Je, hayo si sawa na kukatwa? La pili, anataka aone kwa macho yake kwamba jani linatengeneza chakula.

Mwalimu wa baiolojia, Jinja

Jani lililochanika halijakatwa, Ndugu yangu. Mipasuko hufuata mishipa inayotoka kwenye uti kwenda ukingoni, kwa hiyo kila kipande huendelea kupata maji na kupeleka sukari. Vipande vyembamba kiasi hupoa haraka kuliko jani zima, na katika jua kali hilo lina faida yake. Hasara huonekana vipande vinapokuwa vyembamba mno, upana wa vidole viwili au pungufu, kwa sababu kingo zilizojeruhiwa hukauka na eneo la kijani hupungua. Kujikunja kwa mchana ni namna ya mgomba kujikinga: pande mbili za jani zikishuka, hupokea jua kidogo na kupoteza maji kidogo. Usanisinuru hupungua kwa saa hizo, na shamba lililotandazwa majani makavu, ambalo udongo wake una unyevu, hujikunja kwa muda mfupi zaidi.

Kuhusu kuona kwa macho, binti anaweza kufanya jaribio la iodini pale shuleni. Atumie jani la maharagwe badala ya la mgomba, maana ni jembamba na hulainika upesi. Mmea uwekwe gizani kwa siku mbili ili wanga uliomo uishe, kisha sehemu ya jani ifunikwe kwa karatasi nyeusi pande zote na mmea urudishwe juani kwa saa kadhaa. Jani huchemshwa katika maji, halafu katika spiriti mpaka rangi ya kijani itoke, husuuzwa, na kudondoshewa iodini. Sehemu iliyopata mwanga hugeuka buluu iliyokoza karibu na weusi, kuonyesha kwamba kuna wanga. Iliyofunikwa hubaki na rangi ya kahawia ya iodini yenyewe. Spiriti isipashwe juu ya moto hata kidogo: chombo chake kiwekwe ndani ya maji ambayo yamechemshwa na kuondolewa motoni, kwa sababu mvuke wake hushika moto kwa urahisi, na watoto wameungua kwa jaribio hili.

Afisa ugani mstaafu, Bushenyi

Kwa kaka mkubwa ninapendekeza jaribio lisilohitaji spiriti. Chagueni migomba ya aina moja, iliyopata samadi sawa na inayotoa mikungu ndani ya wiki moja. Nusu yake mwiachie majani yote, nusu nyingine mwipunguze mpaka majani 4, na mikungu ikikomaa mwipime uzito. Iwe migomba mitano au sita kwa kila upande, kwa kuwa mgomba mmoja unaweza kumzidi jirani yake kwa sababu ya fukusi waliokula tunguu au jiwe lililo chini ya mizizi, na mkipima miwili tu hamtajua kama tofauti imeletwa na majani au na mambo hayo.